Mipira ya Oili ya Mzee Cuthbert

Kaeni karibu, tena mkae vizuri, maana mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake hataki kuelezwa mbiombio. Yeye mwenyewe hana haraka na jambo lolote duniani, isipokuwa kumshuku mwenzake. Huyo ni Mzee Cuthbert wa Lisekese, mkulima wa korosho, mwimbaji wa sauti ya chini kabisa kwenye kwaya ya kanisa, mume wa Ethel ambaye sote tunamwita Mama Trevor. Ni mtu mwema. Ukipatwa na msiba, jembe lake ndilo la kwanza kufika makaburini. Lakini akinunua sukari dukani, anaupima mfuko kwa kiganja, kisha anamkazia macho muuza duka mpaka yule muuza duka naye anaanza kujishuku. Akiletewa habari njema, anauliza kwanza nani kaituma. Siku moja mchungaji alimsifu mbele ya watu kwa uaminifu wake, naye akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Huyu anataka kitu."

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa gari ambalo halina mfano wilaya nzima. Ujanani alikuwa dereva wa mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kufunga mashine za kubangulia korosho. Mhandisi alikuwa na gari lake la mbio, la milango miwili, fupi, limeinama mbele kama linanusa njia. Mkataba wake ulipokwisha akaona gharama ya kulisafirisha ni kubwa kuliko gari lenyewe, basi akamwachia dereva wake pamoja na kadi na ufunguo. Watu walitazama zile taa mbili zilizotokeza kama macho, yale makalio ya mviringo, na ile rangi ya kijani, wakaliita Chura. Chura likabaki Chura mpaka leo. Siku za kawaida linalala chini ya turubai. Linatoka Pasaka, Krismasi, na kwenye harusi ya mtu ambaye Mzee Cuthbert hana mashaka naye, kwa maana hiyo harusi chache.

Ili msipotee mbele ya safari, niwaeleze kidogo Chura lilivyoumbwa. Injini yake iko nyuma, pale magari mengine yanapobeba mizigo. Tena halina maji kabisa, linapozwa na upepo na oili. Oili ikichemka huko nyuma, inapita kwenye bomba mpaka mbele, nyuma ya madigadi ya kulia, kilipo kipoza oili, yaani kijirejeta kidogo cha kuipunguzia moto. Ikishapoa inarudi kwa bomba la pili. Mabomba yote mawili yamepita chini ya mlango. Na njiani kuna kijimlango ambacho mafundi wanakiita thamostati. Oili ikiwa baridi, kijimlango kimefungwa na oili inazunguka hukohuko nyuma. Oili ikichemka sana, kinafunguka, na hapo tu ndipo oili inapoanza safari ya mbele. Shikeni hilo, mengine nitawabebea.

Mwaka mmoja mabomba yale, yaliyokuja na gari tangu lizaliwe, yakaoza kwa kutu. Chura likaanza kuacha madoa meusi kila liliposimama, kama mzee asiyeweza kuzuia mkojo. Na mabomba hayo yalioza wakati mbaya.

Mzee Cuthbert ndiye mkubwa wa ukoo wao. Magoti yalishamkataa, na dada yake Julia, anayeishi Newala, alikuwa ameita ukoo mzima kwake mwezi wa saba ili mkubwa amtaje atakayemshika mkono na kuongoza baada yake. Huku kwetu, hata kama hatuyasemi sana, jambo hilo halishuki kwa mtoto wa kuzaa. Linashuka kwa mtoto wa dada. Na mtoto mkubwa wa Julia alikuwa Chrispin, fundi magari mwenye gereji yake pale Mkomaindo, mtu mzima mwenye mke na watoto. Kila mtu alijua atatajwa yeye. Kila mtu alijua pia kwamba asipotajwa, watu hawatauliza mjomba ana nini. Watauliza Chrispin kafanya nini. Na fundi ambaye mjomba wake mwenyewe amemkataa mbele ya ukoo, nani tena atamwachia gari lake na kwenda zake?

Basi Mzee Cuthbert akawaza hivi: anayengojea kurithi, anangojea nini? Anangojea nife. Na anayengojea nife, nimpe gari langu alitengeneze?

Jirani yake Bwanali, ambaye ni mtani wake na anapenda kuchochea moto kisha akaota, alikuja jioni akakuta anawaza.

"Unampelekea Chrispin?" Bwanali akauliza.

"Ndiye fundi niliye naye."

"Mzee mwenzangu, fundi ni fundi. Hata mama yake mzazi akimpelekea baiskeli, kengele itabaki gereji."

"Chrispin ni damu yangu."

"Ndiyo hapo! Mwizi wa nje anaiba usiku, anaogopa. Wa damu anaiba mchana na shikamoo anakupa."

Bwanali alikuwa anatania, na alicheka mpaka akakohoa. Mzee Cuthbert hakucheka. Maana zamani fundi mmoja wa mjini, sitamtaja, aliwahi kufungua kabureta ya Chura. Akasema, "Mzee, naipeleka kwa jirani mwenye kompresa, tuipulize, narudi sasa hivi." Kweli alirudi. Ila kabureta aliyorudi nayo haikuwa ile. Tangu siku hiyo Mzee Cuthbert akisikia neno kompresa, anashika mfuko wake.

Akaamua kwamba kazi hii ya mabomba ndiyo itakuwa mtihani wa Chrispin. Akifaulu, atamtaja. Akishindwa, ukoo utasikia. Hakumwambia mtu yeyote, hata Mama Trevor, lakini Mama Trevor alijua. Amelala naye kitanda kimoja miaka mingi. Akinyamaza kwa namna fulani, mkewe anajua kuna mtu amewekwa kizimbani kichwani mwake.

Mabomba mapya ya chuma ya gari kama lile hayapatikani tena. Chrispin akapima, akampigia Trevor aliyeko Dar es Salaam, akamwelekeza kwenye duka linalotengeneza mipira ya presha, ile ya matrekta na makatapila, iliyosukwa waya kwa nje na kubanwa nati kila ncha. Trevor akaitengenezesha, akaituma kwa basi. Mipira miwili mirefu, imeviringishwa, na kila ncha imefunikwa kifuniko cha plastiki chekundu kuzuia uchafu.

Mzee Cuthbert alipoipokea, jambo la kwanza alilofanya ni kuvua vifuniko vyote.

"Unafanyaje?" Mama Trevor akamuuliza.

"Nachungulia kama imewahi kutumika."

"Kaituma mwanao."

"Mwanangu kaituma. Dereva wa basi je, ni mwanangu?"

Akachungulia, hakuona kitu, maana mpira ulioviringishwa hauonyeshi mwisho wake. Ikabaki kazi ya kuificha mpaka siku ya kwenda gereji. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho, na stoo yao ilikuwa na mifuko ya salfa, ule unga wa manjano tunaoupulizia maua yasishikwe na ugonjwa wa ubwiri. Mzee Cuthbert akafungua mfuko mmoja uliokuwa nusu, akaizamisha mipira yote miwili ndani ya unga mpaka ikapotea, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akapiga kufuli mlango. Vile vifuniko vyekundu akavitia mfukoni mwa shati.

Mama Trevor alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mbaazi.

"Baba Trevor, hiyo mipira ya oili unailaza na salfa?"

"Nani atatia mkono humo kutafuta mpira?"

"Sisemi mwizi. Nasema salfa."

"Salfa haiibi mtu," akasema, akaenda zake.

Siku ya gereji ilipofika, akaitoa mipira, akaikung'uta, akaifuta kwa nje na kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, mpaka waya zikang'aa. Msidhani aliifuta kwa usafi. Aliifuta ili Chrispin asione unga akajua mjomba anaficha wapi vitu vyake. Halafu akarudisha vifuniko vyekundu kila ncha. Ungeiona, ungesema imetoka dukani asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mjomba," Chrispin akampokea, mikono yote miwili imejaa grisi, akampa kiwiko amshike.

"Marahaba. Nipe pa kukaa."

Akaletewa kigoda. Akakiweka, akakihamisha, akakihamisha tena, mpaka akapata mahali anapoona mikono ya Chrispin na sanduku la spana kwa pamoja. Nyinyi mliowahi kupeleka gari gereji huku kwetu mnajua, hiyo si ajabu. Mwenye gari analilinda gari lake kama anavyolinda mgonjwa hospitali. Ila wengine wanalinda huku wanapiga soga. Mzee Cuthbert alilinda kama askari wa benki.

Chrispin akapandisha Chura kwenye jeki na magogo, akamwaga oili. Nati za mabomba ya zamani zilikuwa zimeshikana na kutu. Mtu mwenye pupa angezilazimisha, na angezilazimisha angeing'oa thamostati na masikio yake. Chrispin hakuzilazimisha. Akachukua msumeno wa chuma, akazichana nati taratibu kwa ubavu, akisimama kila mara kutazama asije akagusa nyuzi za ndani. Ilimchukua asubuhi nzima. Mzee Cuthbert akatazama kazi ile nzuri akajisemea, mbona mpole hivi? Anachelewesha nini?

Nati zikaachia. Chrispin akanyoosha mkono apewe mipira. Akaigeuza, akaona vifuniko viko mahali pake, akaridhika nusu.

"Mjomba, hii nataka niikimbize hapo kwa jirani mwenye kompresa, tuipulize ndani, kisha niisuuze kwa petroli. Narudi sasa hivi."

Jamani, kati ya maneno yote ya Kiswahili, akachagua yale yale ya yule fundi wa kabureta!

Mzee Cuthbert akasimama. "Haitoki hapa."

"Ni hapo tu, ng'ambo ya barabara. Mpira wowote mpya unasafishwa kabla ya kufungwa."

"Una vifuniko, hauna vifuniko?"

"Unavyo, mjomba."

"Sasa uchafu umeingilia wapi? Umepenya kama malaika?"

Mafundi wa jirani wakacheka. Chrispin akatazama mipira, akamtazama mjomba wake. Angeweza kusema, mjomba, bila kusafisha sifungi. Kwa mteja mwingine angesema, na angeweka spana chini. Lakini kwetu mpwa hamwambii mjomba hapana, tena mbele ya watu, tena wiki chache kabla ya kikao. Akapuliza kwa mdomo mara moja kila mpira, akasikia hewa inapita, akafunga.

Akafunga kwa ustadi. Alishika kiungo kwa spana moja na kukaza nati kwa spana nyingine, mpira usijisokote. Akaupitisha mbali na tairi na mbali na mahali pa jeki, akaubana kwa vishikio vyenye mpira wa ndani usisuguliwe. Akajaza oili, akawasha. Hakuna tone. Wakazunguka Mkomaindo wote wawili, mpaka hospitali na kurudi, Chura likanguruma kama zamani. Kumbukeni thamostati: kwa mwendo huo mfupi oili haikuchemka, na kijimlango hakikufunguka. Kilichomo ndani ya mipira kikabaki humohumo, kimetulia.

"Mjomba, liache kwangu siku mbili tatu," Chrispin akaomba. "Nataka nilitembeze mpaka lipate moto sawasawa, nikaze nati tena, nitazame oili."

"Ulitembeze ukiwa peke yako?"

"Au tukiwa wote."

"Nina mikorosho ya kupuliza," akajibu Mzee Cuthbert, akaingia kwenye gari.

Lakini alisahau kofia yake kwenye kigoda. Alipoirudia, akamkuta Chrispin amejibanza nyuma ya gereji anaongea na simu, sauti ya chini. "Mama, nakuomba mshawishi mjomba aje huko na basi. Asilipandishe mlima hilo gari kwanza. Usimwambie kama nimesema mimi."

Alisikia kila neno, na alisikia vizuri. Mtu mwingine angesema, kumbe fundi ana wasiwasi na kazi ambayo hakuachiwa aimalize. Mzee Cuthbert akasema, kumbe! Wanataka niende Newala na basi, Chura libaki chini peke yake. Mama na mwana! Akachukua kofia, akaondoka bila kuaga. Julia alipompigia kumsihi kwa sauti tamu aje na basi kwa sababu ya magoti yake, ndipo alipoapa kwenda na gari.

Siku ya kikao wakatoka Lisekese alfajiri, Mzee Cuthbert na Mama Trevor, aliyevaa kanga mpya na kupakata pakiti ya ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini iliyo kama viazi. Barabara ya tambarare ilikwenda vizuri. Walipoanza kupanda mlima wa Newala, Mama Trevor akainua pua.

"Unasikia harufu?"

"Ya nini?"

"Ya salfa."

"Mama Trevor, mwezi wa saba huu. Kila shamba hapa linapuliza. Unataka wapulize manukato?"

Na kweli, kulia na kushoto vumbi la manjano lilikuwa linaelea juu ya mikorosho. Msimu wote tunalivaa, tunalilalia, tunalila na ugali. Pua zetu zilishaacha kulihesabu. Mgeni wa mahali pengine angesimamisha gari. Sisi tulizaliwa humo.

Kona mbili mbele, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Ikazima. Ikapepesa tena, ikaganda. Mzee Cuthbert ni dereva wa zamani, hilo nampa. Alizima injini palepale, akalisogeza gari pembeni kwa mwendo uliobaki. Nyuma kulikuwa kunafuka moshi mwembamba.

Hakufungua hata boneti ya nyuma. Alikaa ameshika usukani, na uso wake, Mama Trevor alinieleza baadaye, haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyethibitishiwa.

"Ameniua," akasema. "Chrispin ameniua barabarani, na wewe ungekuwa shahidi wa kunizika."

"Gari limezimika, Baba Trevor. Hujafa."

"Alijua halifiki! Nilimsikia kwa masikio yangu. Leo ukoo utasikia."

Lori la muhogo likawavuta mpaka juu. Newala ilikuwa na baridi na ukungu, watu wameshakaa kwenye mikeka uani kwa Julia, wamejifunika mashuka. Chura likaingizwa likiburutwa kwa kamba mbele ya macho ya wote. Chrispin, aliyepanda na basi siku iliyotangulia, akasimama. Akaiona kamba.

"Shikamoo, mjomba. Limefanyaje?"

Mzee Cuthbert hakuitikia. Hapo watu uani wakatazamana, maana kutoitikia shikamoo ya mpwa si jambo la mchezo.

Akakaa, akaegemeza fimbo. "Mmeniita nitaje mtu," akasema. "Nina neno kabla ya neno hilo. Mtu mliyemtarajia amelifunga gari langu liniue mlimani. Nilimsikia akipanga na mama yake."

Wanawake wakashika vinywa. Julia, mwanamke mfupi asiyeogopa kaka wala simba, akasimama katikati ya uwanja.

"Kaka, umenitaja na mimi?"

"Nimekutaja."

"Vizuri. Basi maneno hayatoshi. Gari hili hapa, fundi huyu hapa, na ukoo huu hapa. Lifunguliwe, kila mtu aone kilichomo. Chrispin, lala chini."

Chrispin akalala chini kwenye udongo mwekundu, na shati lake la kikao. Akaweka beseni la kufulia la mama yake chini ya mlango wa gari, akafungua nati ya chini. Oili ikatoka. Haikuwa nyeusi wala haikuwa ya rangi ya asali. Ilikuwa kama uji ulioharibika, ina mabonge. Akaenda nyuma, akatoa filta, akaipasua kwa tindo mbele ya watu. Karatasi ya ndani ilikuwa imeshikwa na tope la manjano mpaka haipitishi kitu.

Sasa fikirini, uani pale palikuwa na wakulima wa korosho watupu. Mzee mmoja akachovya kidole, akasugua, akanusa. Hakuhitaji hata kumaliza kunusa.

"Salfa," akasema.

Neno likazunguka mkeka hadi mkeka. Salfa. Ndani ya injini! Na hapo, wapenzi wangu, mambo yakawa mabaya zaidi, maana salfa haimei ndani ya gari. Imetiwa na mtu. Na nani alikuwa na mkono ndani ya gari lile? Macho yote yakamrudia Chrispin, aliyekuwa amepiga magoti na filta iliyopasuka mikononi, anaitazama kama mtu aliyeonyeshwa maiti ya ndugu yake.

"Mimi sikutia," akasema. "Mama, sikutia." Na ilisikika vibaya, kama inavyosikika kila mara.

Mtu mmoja tu pale alikuwa amekwisha kuelewa. Hapana, wawili. Mzee Cuthbert alitazama yale mabonge ya manjano kwenye beseni na moyoni mwake mfuko ukafunguka, mipira ikazama, kamba ikafungwa. Akageuza shingo polepole kumtazama mkewe.

Mama Trevor alikuwa anamtazama yeye. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema na angemwokoa kijana wa watu, lakini akayaacha. Alinieleza mwenyewe: "Ningesema mimi, Chrispin angepona, lakini mume wangu angebaki vilevile."

Mzee Cuthbert angeweza kukaa kimya. Ukoo ulikuwa umeshahukumu, na yeye ndiye angekuwa mwenye haki, aliyemkamata mwovu kabla mambo hayajaharibika. Maisha yake yote alikuwa akiingojea siku kama hiyo, ya kuonekana kwamba mashaka yake yalikuwa ya kweli. Siku yenyewe ilikuwa imefika, imekaa mbele yake ndani ya beseni.

Akakohoa.

"Mipira," akasema. Akaanza upya. "Mipira ile ililala kwangu. Kabla haijaenda gereji."

"Ililala wapi, kaka?" Julia akauliza.

"Stoo."

"Stoo ina nafasi kubwa. Wapi?"

"Ndani ya mfuko."

"Mfuko wa nini?"

Mzee akamtazama dada yake kwa chuki kabisa. "Wa salfa, Julia! Wa salfa! Niliivua vifuniko, nikaifukia, asiibe. Nikaifuta nje, nikarudisha vifuniko. Akataka kuisafisha, nikamkataza. Haya, umefurahi?"

Shangazi mmoja mzee kwenye mkeka wa mbali, ambaye hasikii vizuri, akauliza kwa sauti kubwa, "Kasema nani ametia?" Na mjukuu wake akamjibu kwa sauti kubwa vilevile, "Kasema mwenyewe, bibi!" Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikajaribu kuzuiwa, kikashindikana. Watu walicheka mpaka mashuka yakaanguka. Mzee Cuthbert alikaa katikati ya kicheko kile akiwa wima, kama mtu anayenyeshewa na hana pa kukimbilia.

Chrispin hakucheka. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi, anajifuta mikono polepole.

Kicheko kilipotulia, Mzee Cuthbert akajaribu kurudisha ukubwa wake. "Basi yamekwisha. Fundi, lioshe sasa hivi. Kesho asubuhi nishuke nalo."

Uani pote pakamgeukia Chrispin. Wote walijua atajibu nini, ndiyo mjomba, kama kawaida.

"Hapana, mjomba," akasema Chrispin.

Mzee akadhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Nasema hapana. Halishuki kesho. Mipira yote inatoka, kipoza oili kinatoka, tangi la oili linatoka, na injini nitaifungua nione kama bado ina uhai. Nilitakiwa kusema hapana siku ile pale gereji, nikaogopa. Leo umekaribia kufa mlimani, na Mama Trevor pembeni yako, kwa sababu ya heshima yangu." Akanyoosha kiganja. "Utashuka kwa basi. Na ufunguo naomba unipe."

Julia alifumba macho. Mtu mmoja akaguna. Mzee Cuthbert alimtazama mpwa wake, akamtazama kutoka viatu mpaka kichwani, kwa yale macho anayomtazamia muuza sukari. Akatafuta alipoficha hila, akatafuta sana. Hakuipata, au kama aliipata hakusema.

Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Aliushika kidogo kabla ya kuuachia, Chrispin akalazimika kuuvuta.

"Mmesikia alivyonijibu?" Mzee akawauliza watu wa mikekani.

"Tumesikia," wakaitikia, kwa hofu kidogo.

"Basi ndiye huyo. Msiniulize tena."

Akashika fimbo, akasimama, akaomba maji ya kunawa. Alipoketi kula, akamvuta Chrispin akae upande wake wa kulia, mahali pa anayefuata, na harufu ya salfa ikiwa imemjaa mpwa wake mpaka kwenye nywele. Baada ya tonge la tatu au la nne, mzee akainamia sikio la Chrispin.

"Ukiifungua hiyo injini," akamnong'oneza, "bolti zake zote unaweka wapi?"

"Kwenye sinia la mama," akasema Chrispin. "Kula, mjomba."

Naye akala.